Mwezi Aliousahau Msabah

Msabah, fundi cherehani wa mtaa wa Kiponda, mjini Unguja, alikuwa na uvimbe shingoni upande wa kulia, mkubwa kama limau, na uvimbe wenyewe ulikuwa ukidunda. Uliinuka na kushuka kama kifua cha chura, hata wateja waliokuja kupimwa kanzu wakajikuta wanautazama uvimbe badala ya kumsikiliza mwenyewe. Na kumsikiliza Msabah ndiko kulikowaleta. Mafundi mjini walikuwa tele, na wenye mkono mzuri kuliko wake hawakukosekana, lakini hapakuwa na mmoja aliyejua kusifu kama yeye. Mtu wa kitambi alitoka dukani mwake akiamini ana kiuno. Mwenye matege aliambiwa kanzu imemkaa kana kwamba imeshushwa naye tumboni mwa mamake, akaenda zake kwa mwendo wa bwana harusi.

Juu ya uvimbe kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema ni jini wa kupanda. Wengine walisema amelala na uzi mdomoni akaumeza. Mkewe, Bi Shemsa, mwanamke wa maneno machache yenye makali, alisema hizo ni sifa za uongo zilizokwama njiani, zimejaa hapo zinatafuta pa kutokea.

"Wacha mzaha, Shemsa," Msabah alimwambia. "Hiki kitu kinanitisha."

"Na mie kinanitisha. Ndio maana nnafanya mzaha."

Wakaenda hospitali. Mwaka huo alikuwa amekuja mjini daktari mgeni, Mwingereza mrefu, mwekundu, asiyezungumza na mtu, ambaye kazi yake ilikuwa kushona mishipa ya damu. Aliubonyeza uvimbe, akaweka sikio, akanguruma maneno mawili, akaondoka. Aliyebaki kuwaeleza alikuwa daktari wa usingizi, Khorshed, mwanamke wa Kiparsi aliyezaliwa hapo hapo mjini, mtaa wa Vuga, na kusomea Bombay, mfupi, mwenye miwani minene, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa. Watu walimwita Bi Daktari.

"Mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani umefutuka, Bwana Msabah," alisema. "Ukiachwa, siku moja utapasuka, na siku hiyo hamtawahi hata kufika mlangoni. Mgeni wetu anataka kuufunga kwa vibanio juu na chini, akate pale palipooza, kisha aushone upya."

"Aushone kwa uzi gani?"

"Wa hariri."

Msabah alitikisa kichwa taratibu. "Angalau ana adabu."

"Tatizo si uzi. Tatizo ni wakati vibanio vimefungwa. Damu ya upande huo wa kichwa itapungua sana, na ubongo ni mlafi. Hakuna kiungo kinachokula damu kama ubongo. Ukinyimwa kidogo tu unaanza kufa. Mtu huzinduka mkono umelegea, au ulimi hautamki, au akili si yake."

"Huyu ubongo wake haufanyi kazi nyingi hivyo," alisema Shemsa.

"Kwa hiyo," Bi Daktari aliendelea, kama hakusikia, ingawa mdomo ulimcheza, "nnataka kuulaza. Si usingizi wako wa nyumbani wa kukoroma. Usingizi mzito, wa sindano. Chukua mtaa wenu wenye bomba moja. Maji yakikatwa mchana, mtagombana, ndoo zitapigana, watu watatukanana hadi mababu. Lakini yakikatwa watu wote wamelala fofofo, yakarudishwa kabla mtu hajainuka kutia udhu, nani atajua?"

Msabah alipenda mfano ule. Akauliza, "Hiyo ni hakika?"

"Hapana."

"Hapana?"

"Wenzangu ng'ambo wamepima wakaona ubongo uliolazwa kwa dawa hii hutumia hewa kidogo. Kutoka hapo mpaka kusema utalindwa damu ikipungua, bado kuna safari. Mimi nnadhani utalindwa. Na nitaongeza barafu kichwani, maana ubaridi nao hutuliza ulaji. Lakini sitokwambia jambo nisilolijua."

Msabah alitoka hospitali amekasirika. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu mambo asiyoyajua, tena kwa uhakika, na kila mtu akafurahi. Leo roho yake ndiyo inayohitaji neno moja la kuliwaza, kaangukia mikononi mwa mtu mkweli.

Mtu anayekwenda kukatwa shingo huomba radhi. Msabah alivaa kanzu safi baada ya sala ya alasiri, akazunguka mtaani kuaga. Angetosheka na yale ya kawaida, nisamehe nilikokukosea, nshakusamehe, basi, wakapeana mikono. Lakini hofu ilimwingia vibaya. Alijiona keshasimama mbele ya Mola wake anaulizwa, na akajua dhambi yake hasa ni ipi. Hakuiba wala hakupunja. Alisifu.

Alianza na Jecha, rafiki yake wa toka utotoni, mpiga fidla katika klabu moja ya taarabu.

"Nisamehe, yakhe."

"Nshakusamehe, Msabah. Nenda salama."

"Hujui umesamehe nini. Miaka yote hii nakwambia ukishika fidla malaika wanasimama kusikiliza. Uongo, Jecha. Hasimami mtu. Inalia kama paka aliyebanwa mkia mlangoni, na mlango wenyewe bawaba zina kutu."

Jecha alibaki mkono umenyooshwa. Msabah aliushika, akautikisa, machozi yakimtoka, akaenda nyumba ya pili.

Pale alikuwa Bi Wanu, mjane aliyempenda kama mwanawe, ambaye kila Ramadhani alimletea mkate wa kumimina umefunikwa kwa kawa.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akurudishe."

"Mkate wako, Bi Wanu. Nakusifia kila mwaka. Nililila pande la mwaka wa kwanza, toka hapo nampa mbuzi. Na mbuzi siku hizi akiniona nimeshika sahani anavuka njia."

Kisha akavuka mpaka Darajani kwa Gharib, mwenye duka la vyombo, mteja wake mkubwa, akamwambia mbele ya wanunuzi kwamba ile suti ya kijivu aliyomshonea, aliyomwapia kuwa inamfanya afanane na wakili, inamfanya afanane na gunia la karafuu lililofungwa kamba katikati. Akaomba radhi. Gharib alikuwa ameivaa.

Alirudi nyumbani kifua chepesi, karibu afurahi. Shemsa alikuwa anakunja kanga. Msabah aliketi ukingoni mwa kitanda akasema neno na mkewe pia, kwa sauti ya chini. Shemsa aliikunja kanga ile ile mara tatu.

Asubuhi wakampeleka. Bi Daktari alikuwa na unga wa manjano ndani ya kichupa, akautia maji ukayeyuka. "Kabla hujalala nitakupa maneno matatu," alisema. "Ukiamka nitakuuliza. Nataka kujua nini kimebaki ndani. Mkasi. Punda. Embe. Sema."

"Mkasi, punda, embe. Kwani nnafundishwa chuoni?"

"Hesabu."

Alihesabu kidogo, akasikia ladha ya kitunguu thomu imemjaa mdomoni bila ya kula kitu, akataka kuuliza nani anapika, na hakuuliza.

Barafu waliyomzungushia kichwani ilitoka kiwanda kile kile kilichouzia wenye samaki, na muuguzi mmoja aliapa baadaye kwamba aliokota humo gamba la nguru. Vibanio vikafungwa. Mgeni akakata, akashona, hakusema neno. Bi Daktari alikaa kichwani pa Msabah kashika mkono wake, anatazama mboni za macho, anaongeza dawa tone kwa tone, na muda wote ule mtaa wa Msabah ulikuwa umelala bila ya maji. Vibanio vikafunguliwa. Damu ikapita.

Alipozinduka alisikia harufu ya soko la samaki. Akafungua jicho. Kulia kwake palikuwa na kitanda cha kijana wa Kitumbatu, naye shingo imefungwa bendeji, akimtazama kwa hamu. Kushoto alisimama Bi Daktari. Na miguuni pa kitanda, mikono kifuani, alisimama Jecha.

"Nimekuja," Jecha alisema kwa utulivu wa kutisha, "kama kafa nimzike. Kama hajafa, nimuue."

Hapo ndipo Msabah alipogundua kasoro ya mpango wake mzima. Hakuwa ametia hesabuni uwezekano wa kupona.

Ubongo wake, uliolazwa, ukanyimwa damu na kugandishwa pamoja na nguru, ulifanya kazi kwa kasi ambayo haukupata kuifanya tangu uumbwe.

"Jecha, ndugu yangu!" alisema kwa sauti dhaifu. "Malaika hawajambo?"

Jecha alipepesa macho. "Malaika gani?"

"Wanaosimama ukipiga fidla. Mbona niko hapa? Mie mwisho nnaokumbuka ni sherehe ya Mwaka Kogwa, tuko Makunduchi, watu wanachapana kwa mabua ya migomba. Nimepigwa kichwani?"

Mwaka Kogwa ulikuwa umepita mwezi mzima. Mikono ya Jecha ilishuka kifuani, pole pole, na uso wake ukalainika. Bi Daktari aliinama karibu.

"Bwana Msabah, inua mikono yote miwili. Vizuri. Nibane vidole. Vizuri sana. Jina la mkeo?"

"Shemsa binti Silima."

"Nilikupa maneno matatu kabla hujalala. Yaseme."

Mkasi, punda na embe walikuwa wamejipanga nchani mwa ulimi wake, wasafi, kila mmoja na nafasi yake. Alimtazama Jecha. Alivitazama vidole vya Jecha.

"Maneno gani, Bi Daktari?"

Alimwona mwanamke yule anavua miwani na kuifuta kwa upindo wa koti, muda mrefu kuliko kioo kilivyohitaji. "Basi," alisema. "Mwezi mmoja umekwenda. Mikono imebaki, ulimi umebaki, lakini kumbukumbu imeungua. Pumzika." Akaondoka, na hatua zake zilikuwa za mtu aliyechoka.

Kwa siku kadhaa Msabah alijiona mwerevu kupita watu wote wa Unguja. Habari ilizunguka mtaani kwamba fundi kapotewa na akili ya mwezi mzima, na watu wakalipokea jambo hilo kwa furaha ambayo hawakuificha. Maana kama ubongo ulikuwa na kasoro, basi yale aliyoyasema yalikuwa ya ugonjwa. Na kama yale yalikuwa ya ugonjwa, basi sifa za zamani ndizo za uzima. Kila mtu akarudishiwa sifa zake. Gharib alikuja na suti ya kijivu, akajizungusha mbele ya kitanda mpaka Msabah akamwambia, kweli, wakili hasa.

Lakini mtaa mwema hauachi mgonjwa wake apotee. Walishauriana wakaamua kumrudishia kumbukumbu. Jecha alisema hakuna kinachoamsha moyo kama muziki, na kwa kuwa Msabah aliipenda fidla yake kuliko kitu chochote duniani, kila saa za kutazama wagonjwa alikuja nayo. Aliipiga karibu na sikio. Mzee mmoja wa ngiri aliyelala upande wa pili aliomba ahamishwe. Bi Wanu naye alileta mkate wa kumimina, mzima, akaketi kwenye kigoda akimlisha pande kwa pande kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, mwanangu. Ulikuwa ukiupenda mno huu."

Msabah alitafuna. Ule mkate ulikuwa mbaya kuliko alivyoukumbuka, na yeye ndiye mtu pekee wodini ambaye hakuruhusiwa kukumbuka.

Shemsa alikuja kila siku, akaketi, akasema machache. Siku moja Jecha alipokuwa anakaza nyuzi nje ya mlango, aliuliza, macho yakiwa dirishani:

"Na yale uliyoniambia mimi, nayo yamekwenda?"

Msabah alitaka kumwambia yote. Lakini Jecha alikuwa mlangoni, na fidla inasikia.

"Nilikwambia nini, Shemsa?"

Shemsa alisimama. Akajifunga kanga vizuri. "Hamna. Ulisema nizime taa."

Akaondoka kabla ya wakati wake. Msabah alibaki anatazama kigoda kitupu, na kwa mara ya kwanza werevu wake ukamkaa vibaya, kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Aliyemmaliza alikuwa Ame, yule kijana wa Tumbatu. Ame alikuwa baharini anavuta wavu, samaki wa chuchunge, mwenye mdomo mrefu kama sindano ya gunia, akaruka kutoka majini akamchoma shingoni. Jeraha lilifunga, lakini ndani mshipa ulikuwa unavuja taratibu, na uvimbe umeota pale pale kama wa Msabah, isipokuwa wake uliongezeka kila kukicha. Naye alikuwa akisubiri kisu. Alimtazama Msabah kama mtu anavyomtazama aliyetangulia kuvuka mto.

"Fundi," aliuliza jioni moja, "kupotewa na mwezi, kunauma?"

"Hakuumi."

"Mie mwezi mmoja ningetoa. Ningetoa hata miwili, ile ya upepo wa kusi sina kazi nayo. Lakini Bi Daktari kaniambia dawa ile hanipi. Kasema alidhani inalinda ubongo, kumbe imekula mwezi wa mtu. Na ikiwa kwako imekula mwezi, kwangu yaweza kula ulimi. Sasa yule mrefu atanikata niko macho, na ganzi ya hapa shingoni tu. Akifunga mshipa atanitazama mkono. Ukilegea, anafungua, ananishona alivyonikuta."

"Na uvimbe?"

"Unabaki." Ame alicheka, lakini hapakuwa na kicheko ndani yake. "Kesho asubuhi. Kasema nijitahidi mkono usilegee. Mkono nitauambia nini, fundi?"

Msabah hakupata usingizi mzuri. Alijaribu kujisifu, maana alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na kila sifa aliyojivisha ilimkataa.

Asubuhi wodi ilijaa mapema. Bi Wanu alikuja na sahani. Jecha alikuja na fidla. Shemsa alikuja, akasimama mbali kidogo. Wauguzi wawili wakamlaza Ame kwenye kitanda cha magurudumu, Bi Daktari nyuma yao kabeba bomba la sindano ya ganzi, hana furaha. Magurudumu yakaanza kulia sakafuni.

"Mkasi!" alipiga kelele Msabah.

Watu wakageuka.

"Punda! Embe! Mkasi, punda, embe! Nilikwambia kwani nnafundishwa chuoni, ukaniambia hesabu, nikahesabu, nikasikia kitunguu thomu!"

Kitanda cha magurudumu kilisimama. Bi Daktari alirudi mpaka pale, taratibu, kama mtu anayemsogelea kuku asije akaruka.

"Umekumbuka lini?"

"Sikusahau, Bi Daktari. Hata siku moja. Mpe mtoto wa watu dawa yako."

"Ngoja kwanza," alisema Jecha. Alikuwa ameshika ule upinde wa fidla kama bakora. "Pengine katajiwa hayo maneno. Kama kweli unakumbuka, ulikuja kuniaga. Uliniambia nini?"

 Msabah alimtazama Bi Daktari kuomba msaada, na Bi Daktari akakunja mikono. "Nami nataka kusikia," alisema. "Ndiyo namna ya kupima."

Basi akasema. Alianza kwa kunong'ona, wakamwambia hawasikii. Akasema habari za paka, na mkia, na mlango, na bawaba zenye kutu, neno kwa neno. Mzee wa ngiri alishika tumbo lake kwa mikono miwili, akawaomba kwa jina la Mtume wasimchekeshe, ataachia mshono.

"Na mie?" aliuliza Bi Wanu, sahani magotini.

Akasema habari za mbuzi.

Bi Wanu aliutazama mkate. Akavunja pande, akatia kinywani mwake, akatafuna huku watu wote wakimngojea. "Yarabi," alisema mwishowe. "Na miaka yote hii hakuna aliyeniambia." Akaufunika mkate, akampiga Msabah kofi la begani lililosikika mpaka barazani, akatoka.

Jecha hakupiga. Aliitia fidla ndani ya kasha lake, akafunga vifungo kimoja kimoja, akasema, "Ungeniambia tuna miaka ishirini, ningejifunza udi," akaondoka bila ya kwaheri. Hilo lilimuuma Msabah kuliko angechapwa.

Kisha Shemsa akasogea kitandani.

"Nimebaki mie," alisema. "Nilipokuwa nnakunja kanga."

"Shemsa, mbele za watu?"

"Bi Daktari anapima."

Msabah aliutazama ubao wa dari. Masikio yalimwaka. "Nilikwambia mji huu mzima nimeusifu kwa uongo, na wewe sijakusifu hata siku moja. Si kwa kuwa sikuona. Nilikuwa nnaona kila siku. Lakini maneno mazuri yote nilikuwa nshayavisha watu, yamechakaa, na nikaona haya kukupa wewe nguo iliyokwishavaliwa na mji mzima."

 Shemsa alijivuta kanga usoni, ikabaki jicho moja tu.

"Kuna mzee kitanda cha mwisho, masikio yake mazito," alisema. "Sema tena."

Akasema tena.

Bi Daktari alisogea kitandani. "Nisingekuwa na kiapo, Bwana Msabah, ningekurudishia uvimbe wako kwa mkono wangu. Kwa ajili ya ulimi wako nimekesha nikijiuliza nimemharibu mtu." Akageuka. "Mrudisheni kijana kitandani. Hakuna kukata sasa hivi. Leteni barafu, na mara hii ioshwe."

Walimsikia koridoni akibishana na yule Mwingereza, yeye sauti inapanda, yule ananguruma, mpaka kunguruma kukaisha. Mchana Ame akasukumwa tena, mara hii mpaka chumba cha kukatia, na unga wa manjano ukayeyushwa.

Alipotoka alikuwa na shingo iliyonyooka na midomo mikavu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito, kidole kidogo kinamgomea, na Bi Daktari alikuja kuutazama asubuhi na jioni bila ya kuficha wasiwasi wake. Ulirudi kidogo kidogo. Kabla ya wiki kuisha Ame alikuwa anafunga mafundo ya wavu kwa uzi aliouomba kwa Msabah, akilalamika kwamba uzi wa mjini hauna nguvu.

Siku ya kuruhusiwa, Msabah alimwendea Bi Daktari, kofia mkononi. Alikuwa ameshaomba radhi ya kweli, na mara hii kwa maneno mafupi. Alitaka jambo moja tu.

"Basi tuseme dawa yako ndiyo iliyotulinda. Mimi na Ame."

"Tuseme labda."

"Labda? Mie nimezinduka mzima!"

"Yawezekana ni dawa. Yawezekana ni barafu. Yawezekana mshipa wa upande wa pili ulipeleka damu ya kutosha kwa wote. Wapo watu walioumbwa hivyo, nao hata wasingelazwa wangeamka wazima. Na Ame mkono ulilegea. Je, bila ya dawa ungelegea moja kwa moja, au usingelegea kabisa? Sijui."

"Na utajua lini?"

"Nikipata shingo mia. Nusu yao nikawapa dawa, na nusu nisiwape."

"Na hao nusu usiowapa?"

"Ndio maana sijui," alisema Bi Daktari, akavaa miwani yake.

Msabah alitoka na mkewe kwenye jua kali la barabarani, hasira zimempanda. Alikuwa amejivua nguo mbele ya wodi nzima. Alikuwa amempoteza Jecha, ambaye baada ya hapo alipita miezi asikanyage dukani, na alipokanyaga tena alikuja kupimwa kanzu na kuzungumza habari za mpira tu. Alikuwa amempoteza Gharib moja kwa moja, habari za wodini zilipomfikia. Suti ile ya kijivu ilionekana kwa mwuza kahawa, imekatwa kuwa kizibao. Na yote hayo kwa ajili ya labda.

"Umemsikia?" alimwambia Shemsa. "Mwanamke kasoma mpaka Bombay, na hajui!"

Shemsa alikuwa kabeba furushi la nguo zake begani. Alimvuta mkono akamtoa juani, wakafuata ukuta wenye kivuli.

"Hajui," alisema, "na kasema hajui. Tembea pole pole, mshono haujakauka."